Wiki kumi za sayansi ya habari: mwalimu wa kwanza anastahili ada yote

Kwa wiki kumi, kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, nilihudhuria kozi ya utangulizi wa sayansi ya habari na nafasi ya teknolojia katika jamii, inayotolewa na chuo kimoja kidogo kilichopo ghorofani Kariakoo, Dar es Salaam. Ada ilikuwa shilingi 180,000 pamoja na kitini, nami nililipa kwa awamu mbili. Jina la chuo sitalitaja, kwa kuwa kasoro nyingi nitakazozieleza zinaweza kurekebishwa wakati wowote, na nisingependa kumharibia kazi mwalimu mmoja ambaye kwa ajili yake tu ningekuwa radhi kuilipa ada ile mara ya pili.

Mwalimu huyo ni mkutubi mstaafu, naye alifundisha wiki tano za kwanza. Alianza na neno lenyewe la habari, ambalo kwetu limebebeshwa mizigo mingi: ni salamu, ni kile kinachosomwa redioni saa mbili usiku, na sasa ni jina la taaluma. Alitutaka tutenganishe data, taarifa na maarifa bila kufungua kitini, nasi tukahangaika karibu saa nzima, hadi alipoandika ubaoni 39.5 na kuuliza hicho ni nini. Hakuna aliyejibu. Akaongeza kwamba hizo ni nyuzi za joto la mwili wa mtoto wa miaka miwili, na mama mmoja aliyekaa nyuma akasema bila kusita, "Huyo apelekwe hospitali sasa hivi." Tangu hapo hapakuwa na haja ya fasili.

Jumamosi ya wiki ya tatu alitupeleka Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, si kwa ajili ya kusoma bali kwa ajili ya kutazama migongo ya vitabu. Mpangilio wa vitabu kwa namba, zinazoandikwa kwenye migongo hiyo, alioubuni Mmarekani Melvil Dewey na kuuchapisha mwaka 1876 huigawa elimu yote katika mafungu kumi, na fungu la 200 ni la dini. Tukihesabu pamoja naye, tuliona jinsi namba za 220 hadi 280 na ushei zilivyotengewa Biblia na Ukristo, huku dini nyingine zote za dunia zikibanana katika 290, na Uislamu, pamoja na karne zake zote za fiqhi na tafsiri, ukipewa 297 peke yake. Katika lugha mambo ni yale yale: Kiingereza kina 420 yake, Kifaransa kina 440, ilhali lugha za Afrika zimerundikwa katika 496, na Kiswahili hukipati mpaka uvuke nukta, kwenye 496.392. "Aliyegawa vyumba alianza na wanawe," alisema mwalimu, kisha akatukumbusha kwamba bila mgawo huo tungekuwa bado tunatafuta kitabu cha kwanza. Sijawahi kusikia suala la upendeleo katika mifumo likielezwa kwa uwazi kiasi hicho, na mpaka wakati ule hatukuwa tumewasha kompyuta hata moja.

Somo lililonikaa zaidi, hata hivyo, lilitokana na daftari. Mwanafunzi mwenzetu ambaye ni wakala wa kutuma na kutoa fedha kwa simu alileta daftari lake la miamala lililokwisha, na kabla ya kutuonyesha ukurasa mwalimu alifunika safu za majina na namba kwa kipande cha boksi. Tuliona tarehe, kiasi na saini, mstari chini ya mstari. Akatuuliza ni nani kati yetu, akisubiri kusaini kwa wakala, hajawahi kusoma mteja aliyemtangulia ametoa shilingi ngapi. Tulicheka kwa aibu. Hapo ndipo alipoingiza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kanuni yake kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisizidi zinazohitajika kwa lengo hilo, na zilindwe.

Wiki tano zilizofuata zilikuwa chini ya mwalimu mwingine, kijana mpole ambaye nadhani alikabidhiwa kazi isiyo yake. Maabara ina kompyuta kumi na mbili, saba zikiwa nzima, na vipindi vitatu vizima viliishia katika kupanga majedwali na kuandika barua, stadi ambazo wengi wetu tulikuwa nazo. Alipomfikia Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi wa Marekani, na makala yake ya mwaka 1948 kuhusu nadharia ya mawasiliano, alisoma slaidi hadi mwisho bila kuinua macho, ilhali kurusha sarafu moja hewani kungetosha kutuonyesha biti, yaani kipimo cha taarifa iliyomo katika jibu moja kati ya mawili yenye uwezekano sawa, ni nini.

Kitini nacho kina tatizo kubwa zaidi ya uchapaji wake hafifu. Sura ya teknolojia na jamii imejaa mifano ya Marekani, na inasimulia kana kwamba teknolojia hushuka na jamii hubadilika. M-Pesa, ambayo kila mwanafunzi alikuwa nayo mfukoni, imepewa aya moja inayosema ilianza Kenya mwaka 2007. Haisemi kwamba katika majaribio ya mwaka 2005 huduma hiyo ililenga kuwarahisishia wakopaji wadogo urejeshaji wa mikopo, na kwamba watu waliopewa simu wakaanza kutumiana fedha kwa shughuli zao wenyewe, hata wabunifu wakalazimika kuifuata njia iliyofunguliwa na watumiaji. Kisa hicho kimoja kingebeba sura nzima.

Kwa anayefikiria kujiunga, ushauri wangu ni kwamba aulize kwanza kama mkutubi yule bado anafundisha, na kama wiki tano za kwanza zinaweza kulipiwa peke yake. Anayetafuta ufundi wa kompyuta atafute kwingine.

Lipo pia suala la mapokezi. Kila jioni tulijaza jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho cha taifa katika daftari lililoachwa wazi juu ya meza, mahali anapopita kila apandaye ngazi, wakiwamo wateja wa duka la vitambaa la jirani. Tulilalamika wiki ya sita, baada ya somo la sheria, nasi tukaahidiwa kwamba litashughulikiwa. Nilipokwenda kuchukua cheti, daftari lilikuwa pale pale, limefunguliwa. Kilichobadilika ni kwamba kalamu ilikuwa imefungwa mezani kwa uzi ili isiibiwe.