Pandemic: mchezo wa mezani unaotuweka upande mmoja, mimi, mume wangu na marafiki

Kama mko wawili nyumbani na mnatafuta mchezo wa kuchemsha bongo usiowaachia kinyongo, anzeni na Pandemic. Nimeucheza na mume wangu siku za kazi baada ya chakula, na nimeucheza na marafiki zetu Jumamosi jioni, meza imejaa na kila mtu anaongea. Naupenda kwa moyo wote. Una ubaya wake pia, na nitausema, kwa sababu anayeununua bila kuujua anaweza kuharibiwa jioni nzima.

Kabla yake tulikuwa watu wa karata na drafti. Mume wangu amekulia kwenye bao, lile la kete 64, na mimi sijawahi kumfunga. Catan, mchezo wa Mjerumani Klaus Teuber uliotoka mwaka 1995, tuliijua kwa marafiki na tuliipenda. Ila boksi lake la msingi linataka watu watatu au wanne, kwa hiyo usiku wa Jumatano mkiwa wawili halina kazi. Isitoshe, kwenye Catan kila mtu anajijengea chake. Unaziba barabara ya mwenzako, unamnyima matofali, na kuna watu ambao jambo hilo linawakaa rohoni mpaka wanapanda gari kurudi kwao.

Pandemic imekaa tofauti kabisa. Aliyeitunga ni Mmarekani, Matt Leacock, na ilitoka mwaka 2008, zaidi ya miaka kumi kabla ya Uviko. Ubao ni ramani ya dunia yenye miji 48. Magonjwa ni manne, kila moja na rangi yake: bluu, njano, nyeusi na nyekundu. Wachezaji, kuanzia wawili hadi wanne, ni timu moja inayosaka dawa. Mkizipata zote nne mmeshinda nyote, na ubao ukiwazidi mmeshindwa nyote.

Zamu ni nyepesi kueleza. Una hatua nne, na kila moja unaweza kuitumia kwa lolote kati ya haya: kusafiri, kutibu mji, kujenga kituo cha utafiti, kumpa mwenzako kadi, au kupata dawa. Baada ya hapo unachukua kadi mbili, halafu ubao nao unapata zamu yake. Zinafunuliwa kadi za maambukizi, na kila mji uliotajwa unaongezwa kijiwe kimoja cha ugonjwa. Mji wenye vijiwe vitatu ukitakiwa kupata cha nne, unalipuka, yaani kila mji uliounganishwa nao unapata kijiwe. Kama mmoja wa majirani naye alikuwa na vitatu, analipuka palepale. Mkifikisha mlipuko wa nane, mmekwisha. Vijiwe vya rangi moja vikiisha kwenye akiba, mmekwisha vilevile, na hata kadi za kuchukua zikiisha. Njia ya kushinda ni moja tu na za kushindwa ni tatu. Ndiyo maana mezani watu hukaa ukingoni mwa viti vyao.

Kinachonifanya niurudie ni kadi ya janga. Ikitokea kati ya kadi mnazochukua, mnafunua kadi ya chini kabisa kwenye rundo la maambukizi na mji huo unawekewa vijiwe vitatu kwa mpigo. Kisha zile kadi zote za miji iliyokwisha kuambukizwa zinachangwa na kurudishwa juu ya rundo. Maana yake, miji itakayofuata ni ileile iliyokwisha kuumwa. Huwezi kusema Khartoum imeshapata zamu yake, sasa tupumzike. Khartoum inarudi, na inarudi mapema. Mtu akielewa jambo hilo, uchezaji wake wote unabadilika. Anaacha kukimbilia kijiwe kilicho karibu, anaanza kukumbuka ni miji gani imo kwenye zile kadi zilizochangwa, na anakwenda kuisafisha kabla haijatajwa tena.

Rafiki yetu mmoja ni muuguzi, na mwanzoni hakutaka hata kukaa mezani. Baada ya yale aliyoyaona kazini wakati wa Uviko, mchezo wa maradhi haukumvutia, na hatukumlazimisha. Siku moja alikaa kutazama, akaona kadi zile zikirudishwa juu, akasema hivyo ndivyo ilivyo: mtaa ulioathirika mwaka huu ndio unaoutazama kwanza mwaka ujao. Tangu hapo anacheza, na anacheza vizuri kuliko sisi. Lakini kama nyumbani kwako kuna aliyefiwa kipindi kile, muulize kwanza. Kuna michezo mingi ya kushirikiana ambayo haihusu magonjwa.

Nimetaja Khartoum kwa sababu Afrika ya kwenye ubao huu sisi tunaijua kama chumba cha nyumba yetu. Dar es Salaam haipo, na Nairobi haipo. Kuna Lagos, Kinshasa, Khartoum na Johannesburg za rangi ya njano, na Cairo na Algiers za nyeusi. Johannesburg imeunganishwa na Kinshasa na Khartoum tu, kwa hiyo kwenda huko ni safari ya kwenda na kurudi. Khartoum ina njia nne, moja ikielekea Cairo, na ikilipuka ugonjwa wa njano unavuka kuingia kwenye miji iliyokwisha kulemewa na mweusi. Mume wangu ana imani kwamba kituo cha pili cha utafiti kijengwe Khartoum kila mara. Mimi napendelea Istanbul, kwa kuwa ina majirani wengi zaidi. Ubishi huu haujaisha na sitaki uishe.

Sasa suala la wawili au wanne, maana ndilo ninaloulizwa zaidi. Mkiwa wawili kila mmoja anaanza na kadi nne, mkiwa wanne kila mmoja anaanza na mbili. Jumla ni nane kwa hali zote mbili. Rundo linalobaki lina urefu uleule, kwa hiyo zamu za mchezo mzima ni zilezile: mkiweka kadi nne za janga ni zamu 24 hivi. Wawili mnagawana kumi na mbili kila mtu. Wanne mnapata sita. Na ili kupata dawa moja, mtu mmoja anahitaji kadi tano za rangi moja mkononi mwake, huku mkono ukiruhusiwa kadi saba tu. Mkiwa wawili kadi za rangi moja hukusanyika haraka. Mkiwa wanne zimetawanyika, na kumpa mwenzako kadi ya Lagos kunataka wote wawili mwe Lagos. Kila mchezaji ana kadi ya mhusika yenye uwezo wake maalumu, na hapo ndipo utakapoelewa thamani ya mtafiti, anayeweza kumpa mwenzake kadi yoyote ya mji ilimradi wako mahali pamoja, na ya mwanasayansi, ambaye kwake kadi nne zinatosha.

Kwa hiyo sisi wawili tunashinda mara nyingi zaidi kuliko tukiwa wanne. Lakini ukiniuliza ni lini nafurahi zaidi, nitasema wanne, kwa sababu mazungumzo yanakuwa mazito. Kadi ile ile ya mji ni nauli na ni dawa: ukiitumia kuruka kwenda mji ule, au kuondoka ulipo kwenda popote, umeitupa, na pengine ilikuwa ya tano. Mtu anasema, "Niko tayari kuiacha hii nyekundu nikaokoe Mumbai." Mwingine anamwambia, "Subiri, mimi naweza kufika kwa hatua tatu." Meza nzima inainama juu ya ramani.

Ubaya wenyewe unatokea hapahapa. Kwa kuwa wote ni upande mmoja na kila kitu kiko wazi, anayeujua mchezo anaweza kuwachezea wote. Tunaye rafiki wa namna hiyo, mtu mwema sana, mwenye kichwa chepesi cha hesabu. Zamu ya mkewe inafika, yeye ameshahesabu hatua zote nne: "Nenda Cairo, tibu, tibu, rudi." Mkewe anasogeza kete tu. Jioni moja alinyamaza mchezo wote, na mimi nilimwona. Mume wangu ndiye aliyesema, kwa upole, "Kaka, hebu tumsikie shemeji kwanza." Na shemeji alikuwa na wazo jingine kabisa, la kujenga kituo Manila, na lilitufaa.

Tangu siku ile tuna taratibu zetu mezani. Mwenye zamu ndiye anayeanza kusema anachofikiria, kabla ya mtu mwingine kufungua mdomo. Ushauri unaombwa. Neno la mwisho ni lake hata kama wote tunaona anakosea. Na yule hodari tunampa kazi ya mratibu wa safari, mwenye uwezo wa kusogeza kete za wengine, kwa sharti lililomo kwenye kanuni zenyewe: hasogezi kete ya mtu bila ruhusa yake. Inamlazimu aulize, na akiuliza anasikiliza. Wapo wanaosema tatizo hili linaufanya mchezo wote usifae. Sikubaliani nao. Kwenye baraza la bao watazamaji nao wanashauri mpaka mchezaji anakereka, na hakuna aliyesema bao halifai. Wanaokaa mezani ndio wanaopaswa kuheshimiana.

Bahati ipo, na kuna siku inauma. Kadi za janga zinagawanywa kwenye mafungu yanayokaribia kulingana ili zisije zote pamoja, lakini moja inaweza kuwa chini ya fungu la kwanza na nyingine juu ya fungu la pili, zikafuatana. Likitokea hilo mapema, hakuna ujanja utakaowaokoa. Mchezo hauchukui saa nzima, kwa hiyo tunapanga upya na kuendelea. Anayetaka mchezo ambao kila kushindwa ni kwa sababu ya akili yake tu, arudi kwenye bao.

Kuhusu lugha, boksi letu ni la Kiingereza, na nilidhani hilo lingekuwa kikwazo kwa mama mkwe aliyekuwa akikaa nasi. Halikuwa. Kadi za miji zina jina na rangi, basi. Maneno ya kusoma yako kwenye kadi za wahusika na zile chache za matukio maalumu, na hizo unamweleza mtu mara moja kwa Kiswahili anashika. Yeye alichagua udaktari, anayeondoa vijiwe vyote vya rangi moja mjini kwa hatua moja, na akakataa kubadilishiwa. Vijiwe ni vidogo, kwa hiyo wenye watoto wachanga wawe macho. Karanga na chai ziwekwe kwenye stuli ya pembeni.

Mkianza, anzeni na majanga manne hata kama mmezoea michezo migumu. Sisi tuko kwenye matano na tunashindwa zaidi kuliko tunavyoshinda, na hapo ndipo patamu. Sita tumejaribu tukiwa wawili, na hatujawahi kushinda.

Kuna toleo lake kubwa, Pandemic Legacy, ambalo Leacock alilitunga pamoja na Rob Daviau, likatoka mwaka 2015. Hilo linachezwa kama mwaka mmoja, kila mwezi mara moja au mbili, na yanayotokea hayafutiki: mnabandika stika kwenye ubao, mnachana kadi, na mji ulioharibika unabaki hivyo mpaka mwisho. Tumeamua kulinunua, ila linataka watu walewale kuanzia Januari yake hadi Desemba, na yule rafiki yetu wa hesabu yuko Mwanza kikazi. Muuguzi ameshasema tusilianze toleo hilo bila rafiki huyo na mkewe. Kwa hiyo tunawasubiri, na siku za Jumatano tunaendelea na lile dogo.