TAHADHARI wazazi wa Malindi na Watamu: kuna "mwalimu wa bale" anakula hela za watoto

Wazazi wenzangu hamjambo. Naandika hii nikiwa nimepaki stendi nasubiri abiria kwa hivyo mnisamehe mpangilio, lakini nikinyamaza mwengine ataliwa kama nilivyoliwa mimi.

Mimi naendesha tuktuk hapa Malindi. Binti yangu ana miaka 11 na kucheza amezaliwa nako, kwenye tamasha za muziki za shule ndiye huwekwa mbele kwenye mwanzele, ile ngoma ya Kimijikenda, kayamba zikilia tu mabega yashaanza. Sasa mwaka huu akaona video za bale (ballet, ile dansi ya Kizungu ya kusimamia vidole) kwa simu ya mamake, basi nyumba haikaliki, mara ameshika dirisha anasimama kwa vidole, mara anapiga msamba kwenye mkeka wageni wako hapo hapo. Mimi bale siijui lakini mtoto akipenda kitu utafanya nini, nikasema nitamtafutia.

Ndio akaja huyu jamaa. Jina alilotupa silo lililotokea kwa M-Pesa (hilo lingetosha kunishtua, nikaambiwa ni namba ya "mhasibu"). Kijana mtanashati, ciao ciao nyingi kama nusu ya Malindi, anasema alikuwa animatore, yaani mtumbuizaji wa wageni, kwenye hoteli za huku na sasa anatafutia kampuni moja ya Roma watoto wa kucheza. Aliingia kupitia grupu la WhatsApp la wazazi wa darasa, kwa hivyo kila mtu akadhani kuna mwenzake anayemjua.

Odisheni, yaani majaribio ya kuchagua wachezaji, ilikuwa kwenye ukumbi wa kukodi. Watoto arubaini na kitu, kila mmoja kabandikwa namba kifuani kwa salotepu, wangu 27. Dakika moja unusu kila mtoto, yeye ameshika simu anarekodi, haandiki chochote. Jioni matokeo yakaja, wote wamepita. Wote! Kuna katoto kalilia mwanzo mwisho kakashikilia leso ya mamake, nako kakapita. Hapo ningeamka lakini mzazi ukiambiwa mwanao ana kipaji masikio yanaziba wallahi.

Hela sasa. Fomu 500. Mafunzo 3,000 kwa mwezi, nimelipa miezi miwili. Amana ya kostumu 2,000. Viatu 4,500. Halafu "pasipoti na viza" 8,500. Jumla 21,500, na hizo ni za tuktuk, petroli nishatoa.

Lakini kilichoniuma zaidi ni viatu. Baada ya wiki tatu tu za mafunzo, tena Jumamosi pekee, akawauzia watoto vile viatu vigumu vya bale vya kusimamia ncha za vidole. Vya waridi, vimefungwa kwa karatasi vizuri, lakini ukiangalia ndani kitambaa kimeshakuwa cheusi na kuna jina la mtu limeandikwa kwa peni likafutwafutwa. Mitumba. Binti yangu akawa anavivaa chumbani anajikaza asiseme, mamake akaona soksi ina damu. Kucha ya kidole gumba imeng'oka nusu. Nikamuuliza mbona hukusema, akaniambia baba mwalimu amesema asiyeweza maumivu haendi Roma.

Nilibahatika siku hiyo hiyo kumbeba abiria ambaye mpwa wake anafundisha dansi Nairobi, akampigia nikaongea naye mwenyewe. Yule dada alishtuka. Akaniambia mtoto hucheza na viatu laini miaka kadhaa kwanza, mifupa ya mguu bado inakua, mwalimu anapima kifundo na nguvu ya mguu ndipo amruhusu, na vile viatu kila mtu anachaguliwa vyake kulingana na mguu, vikishalegea havifai tena, sio kitu cha kurithishana. Akasema pia hata mashindano makubwa kama yale ya Lausanne kule Uswisi ni ya vijana wa kuanzia miaka 15, sasa huyu wa 11 mwenye wiki tatu anaenda kushindana na nani? Kuhusu ada alikuwa muungwana, alisema odisheni za kweli nyengine zinatoza hela kidogo ya kujiandikisha, hiyo peke yake si wizi. Ila odisheni ya kweli watu huangushwa, tena wengi.

Barua ya mwaliko ndiyo ilimaliza kazi. Ina muhuri, ina bendera, Kiitaliano kitupu. Nikampelekea mzee mmoja jirani, ameuza vinyago kwa Waitaliano miaka na miaka, akasoma akavua miwani akacheka mpaka akakohoa. Ananiambia baba fulani, odisheni ni audizione, hapa wameandika udienza. Mwanao ameitwa ama mahakamani ama kwa Papa.

Na ile ya pasipoti nawaambia wazi kwa sababu wengi tulilipa. Pasipoti ya mtoto mzazi anaomba mwenyewe eCitizen, hela unalipa humo humo, wazazi mnatoa idhini kwa maandishi, halafu mtoto lazima afike Imigresheni mwenyewe apigwe picha. Hakuna mtu wa kukufanyia hayo mtoto akiwa amekaa nyumbani. Huyu hakuomba hata cheti cha kuzaliwa! Na mimi sikuuliza.

Nilipompigia akawa mpole, akasema barua ni makosa ya sekretari. Nikamwambia nirudishie za viza basi, akanibloku. Nikaforwadi meseji ya M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, jibu pesa ishatolewa. Ukishtuka fanya hapo hapo, usingoje kubembelezana kama mimi, nilipoteza siku mbili nzima kwa "nitakupigia kesho".

Kuna jambo jengine sitaki kulipita. Wasichana wakubwa kidogo, wa 13, 14, alikuwa anawaandikia pembeni wamtumie video wakifanya mazoezi nyumbani wakiwa peke yao, ati mzazi akiwepo mtoto hajiachilii. Mama mmoja alikuta hizo meseji kwa simu. Angalieni simu za watoto leo jioni, msiwapigie kelele, na kama kuna chochote msifute. Namba ya watoto ni 116, haina malipo.

Polisi nimeenda, namba ya OB (kitabu chao cha kuandikia ripoti) ninayo. Tuko wazazi sita mpaka sasa, wengine wanaona haya, baba mmoja ananiambia ati tutachekwa. Acha tuchekwe. Kama ulilipa, hata 500 ya fomu, tafuta skrinishoti zako uje inbox twende pamoja. Juzi ameonekana upande wa Watamu, kabadilisha namba, na sasa nasikia ni mwalimu wa sarakasi.

Viatu viko chini ya siti ya tuktuk, nimevifunga kwa mfuko kama ushahidi. Binti mwenyewe kidole kimeanza kupona, na jana nimemkuta ameshika dirisha tena, pekupeku.