Kihisi cha Sukari cha Kubandika Mkononi: Tathmini ya Mtumiaji

Kihisi cha sukari kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kimesifiwa hadi watu wakaamini kwamba kuchoma vidole kumekwisha. Ninaishi na kisukari cha aina ya pili, ninatumia vidonge pamoja na insulini ya usiku, na nimekivaa kifaa hiki muda wa kutosha kuyajua mazuri yake na vituko vyake. Maoni yangu nayatoa mapema: kinakishinda kipima sukari cha kawaida katika kazi moja kubwa, nayo ni kuonyesha sukari inaelekea wapi, lakini kwa kutaja kiwango cha dakika hii hii, hasa sukari inaposhuka, tone la damu bado ndilo hakimu.

Kwa umbo ni kidude cha plastiki, bapa na cha mviringo, chenye ukubwa wa sarafu. Chini yake mna uzi mwembamba unaonyumbuka, wenye urefu wa milimita 5 hivi, ambao huingizwa chini ya ngozi. Uzi huo una kimeng'enya kinachoitikia glukosi na kuzalisha umeme mdogo sana, na umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa namba kwenye simu. Aina nyingi hukaa mwilini siku 10 hadi 15, kisha hutolewa na kutupwa. Teknolojia yenyewe si ngeni, ila ilipata wateja wengi baada ya FreeStyle Libre ya kampuni ya Abbott kuingia sokoni Ulaya mwaka 2014, kwa sababu ilimwondolea mvaaji sharti la kukisahihisha kifaa mara kwa mara kwa damu ya kidole.

Kukibandika ni rahisi kuliko kunavyoonekana, mradi ngozi isafishwe kwa spiriti na kuachwa ikauke kabisa, kwani gundi haishiki vizuri kwenye unyevu. Unabonyeza kichomekeo, unasikia mlio mfupi, na maumivu yake ni madogo kuliko ya kutoboa ncha ya kidole. Kisha unasubiri kati ya nusu saa na saa 2, kutegemea aina, kabla ya namba ya kwanza kutokea. Namba za siku ya kwanza huyumbayumba. Mimi siziamulii jambo lolote zito.

Thamani yake huonekana baada ya kula. Anayetumia kipima sukari cha kawaida hupima asubuhi kabla ya kula chochote, kisha pengine saa 2 baada ya mlo, na yaliyopita katikati hayajui. Kihisi huandika kila baada ya dakika chache, mchana na usiku, na pembeni ya namba huweka mshale. Nimewahi kukuta 8.4 mmol/L, yaani takriban 151 mg/dL, saa 2 baada ya milo miwili tofauti. Katika mlo wa kwanza mshale ulikuwa ukiteremka, sukari ikiwa imekwisha kupanda na sasa inarudi. Katika wa pili, uliokuwa na mafuta mengi, mshale ulikuwa bado unapanda, kwa kuwa mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni. Kipimo cha kidole kingeiita milo hiyo sawa. Hali kadhalika, kutembea kidogo baada ya kula, jambo ambalo wauguzi hutuhimiza hadi tunachoka kulisikia, huonekana waziwazi kwenye mchoro: mstari uliokuwa ukipanda hulala. Kula mboga na protini kwanza, wanga ukafuata mwishoni, pia hupunguza kilele. Ushauri wa namna hiyo nilikuwa nikiupokea kwa heshima tu. Sasa ninaufuata kwa sababu ninauona ukifanya kazi.

Alfajiri nako kuna somo lake. Wengi huamka na sukari iliyopanda na kulaumu chakula cha usiku, ilhali mchoro unaweza kuonyesha kwamba usiku ulikuwa shwari hadi karibu na mapambazuko, ndipo homoni zinapolichochea ini kumwaga glukosi katika damu. Kujua hivyo hubadilisha mazungumzo na daktari, kwa kuwa tiba ya sukari ya alfajiri si lazima iwe kupunguza chakula cha jioni.

Kasoro yake kubwa inatokana na mahali kinapopimia. Hakipimi damu, bali majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, na glukosi huchelewa kufika huko kwa dakika 5 hadi 15. Sukari ikiwa imetulia, ucheleweshaji huo hauna madhara. Ikiwa inashuka kwa kasi, unaweza kuwa unatokwa jasho na mikono inatetemeka huku simu ikikutuliza kwamba uko sawa. Baya zaidi ni kinachofuata. Ukishakula gramu 15 za sukari inayoyeyuka haraka, kama inavyoshauriwa kiwango kikiwa chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL), skrini huendelea kuonyesha kuteremka wakati damu imekwisha kuanza kupanda, nawe unashawishika kuongeza kingine, halafu saa moja baadaye unapambana na sukari ya juu. Kwa hiyo wakati wa kushuka ninaweka simu kando, ninasubiri dakika 15, ninapima kidole.

Ukilalia mkono wenye kihisi, mgandamizo huzuia majimaji kuzunguka na kengele huweza kulia usiku wa manane kwa hatari isiyokuwapo. Vitamini C kwa dozi kubwa huvuruga baadhi ya vihisi, na parasetamoli huvuruga vingine, hivyo karatasi ya maelezo isomwe kabla ya kutupwa pamoja na boksi. Ni haki pia kusema kwamba kipimo cha kidole si msahafu: kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinaruhusu tofauti ya hadi asilimia 15 sukari inapokuwa 100 mg/dL au zaidi, na kidole kilichomenya tunda bila kunawa kinaweza kutoa namba ya kutisha. Vifaa viwili vikitofautiana kidogo, hakuna aliyedanganya.

Programu ya simu hutoa ripoti ya asilimia ya muda uliokaa kati ya 3.9 na 10 mmol/L, na kwa watu wazima wengi lengo ni kupita asilimia 70, ingawa wajawazito na wazee dhaifu huwekewa malengo mengine. Ripoti hiyo huziba pengo la kipimo cha HbA1c, ambacho hueleza wastani wa sukari katika damu wa miezi 2 hadi 3 bila kuonyesha kupanda na kushuka kulikomo ndani yake. Programu huruhusu pia ndugu kuona namba zako, na faida hiyo ina shubiri yake, maana kila ukimaliza kula kuna anayepiga simu kuuliza umekula nini.

Gundi inavumilia maji kuliko inavyovumilia jasho na mikanda ya mikoba. Ngozi yangu huwasha kifaa kikishatolewa, ndiyo maana ninabadilisha mkono kila mara.

Nikikipa alama, ni 4 kati ya 5 kwa anayechoma insulini mara kadhaa kwa siku, na 5 kamili kwa yule ambaye mwili wake umeacha kumwonya sukari inaposhuka. Anayetumia metformini, kidonge cha kawaida cha kisukari cha aina ya pili, peke yake hana haja ya kukivaa mwaka mzima. Kimoja wakati wa kubadilisha dawa au mpangilio wa chakula kinatosha kumfundisha, na siku nyingine vijiti vya kupimia vilivyofungwa vizuri kwenye kichupa chake na visivyopitwa na muda vitamfaa. Kabla ya kununua, hakikisha simu yako imo katika orodha ya zinazokubaliwa, kwa sababu baadhi ya programu hukataa simu za zamani, na ujaribu kama kengele yake hulia hata simu ikiwa imenyamazishwa.