Miezi 10 na kufuli la GPS kwenye kontena la transiti

Nyota 3 kati ya 5. Ningetoa 4 kama kifaa chenyewe kingekuwa kinajua Tunduma ni saa ngapi.

Nina malori mawili. Kazi yangu kubwa ni kontena za transiti, yaani mzigo unaopita tu nchini kwenda nje, kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi, ile njia ya Chalinze, Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma mpakani, kisha Zambia nzima mpaka Kasumbalesa kwenye mpaka wa Kongo. Nilianza kukodi kufuli hili baada ya mteja wangu wa vitenge kuniambia hapakii tena kwenye gari asiloliona kwenye simu yake. Mimi sikuwa na hamu nalo. Kontena tayari lina sili ya bolti ya kampuni ya meli, ambayo namba yake imeandikwa kwenye hati ya mzigo, na juu yake kuna lakiri ya kielektroniki ya forodha. La tatu la nini?

Kampuni inayokodisha sitaitaja jina, bado nina mkataba nao na tumeshagombana vya kutosha. Nalipa shilingi 85,000 kwa tripu, kwenda na kurudi, na dhamana ya kifaa juu.

Lenyewe ni boksi jeusi zito kama tofali la kuchoma, lina waya wa chuma unene wa kidole cha mwisho. Waya unazungushwa mlangoni, ncha inarudi ndani ya boksi, linajifunga. Kulifungua ni kwa kadi anayopewa mpokeaji au kwa amri kutoka ofisini kwao. Ndani kuna laini ya simu na kitu cha kuhisi mtikisiko. Kila nusu saa linatuma mahali lilipo. Pasipo na mtandao linaweka akiba, likifika penye mtandao linamwaga zote kwa mpigo.

Betri sina neno nayo. Tumewahi kukaa foleni ya Tunduma siku 6 na ikabaki zaidi ya nusu. Kilichonichosha ni Zambia: tripu mbili za mwanzo, gari likishavuka mpaka kuingia Nakonde kufuli lilikuwa bubu mpaka karibu na Mpika, kwa sababu laini waliyoweka ilikuwa haijafunguliwa kutumika nje ya nchi. Yaani unauza ulinzi wa mpakani halafu kifaa kinazimikia mpakani. Nilipolalamika walibadilisha laini, na tangu hapo naliona gari mpaka Kapiri Mposhi na kuendelea.

Halafu kengele za uongo. Tripu ya pili, saa 8 usiku, simu inapiga kelele kwamba waya umekatwa. Ujumbe wenyewe unakuja kwa Kiingereza cha kukatakata, herufi kubwa tupu, mke wangu akadhani tumepata msiba. Nampigia dereva hapokei. Namwona kwenye ramani yuko Makambako, hatembei. Baada ya robo saa akapiga yeye, sauti ya usingizi.

"Tajiri, kuna nini?"

"Kaka, shuka uangalie mlango wa nyuma."

Nasikia mlango wa kabini, nasikia mchanga chini ya kandambili. "Waya mzima, tajiri. Kama tulivyoufunga."

Ilitokea tena mara nne. Kufikia ya nne nilikuwa naupokea ujumbe, nageuka upande wa pili, nalala.

Sasa tripu ya tano. Kontena la vitenge, marobota yamepangwa mpaka juu. Wanaojua njia hii wanajua vitenge vya transiti vinatamaniwa kiasi gani: vikishuka hapa ndani bila kulipiwa kodi, anayeviuza ana faida kabla hajafungua duka. Gari likafika Lubumbashi, sili ya meli nzima na namba ni ileile, lakiri ya forodha ilikuwa imetolewa kwa utaratibu wake, kufuli langu halijaguswa. Mteja akafungua kwa kadi yake. Marobota 37 hayapo.

Niliomba taarifa kamili ya kufuli. Ikaja karatasi ndefu ya mistari, na katikati yake mtikisiko wa mlango kwa dakika 23 mfululizo, gari likiwa limesimama kwenye maegesho upande wa Tunduma, kabla ya kuvuka. Hakuna kengele iliyokuja, maana waya haukukatwa na mimi sikuwa nimeiwasha ile ya mtikisiko. Muda ulioandikwa: saa 8:14 usiku.

Saa 8 usiku dereva yuko kitandani ndani ya kabini. Mlango wa kontena unagongwa nyuma yake dakika 23 asisikie? Nilimwita nyumbani. Ni mtu mzima kuniliko, ameendesha njia hii tangu barabara ya Zambia haijanipa mimi hata shilingi. Nikamwekea karatasi mezani. Aliisoma, akairudisha, akasema, "Tajiri, saa 8 usiku nilikuwa nimelala na hakuna aliyegusa gari. Labda saa 3, nilipokwenda kula." Nilimwona anatafuta pa kutokea.

Kilichomwokoa ni chipsi kuku. Siku mbili baadaye nikiwa napitia ile karatasi kwa hasira niliona gari "limeondoka" yadi ya Dar es Salaam saa 6 usiku. Sisi tuliondoka saa 1 jioni, nilikuwepo, nilishika geti mwenyewe. Saa 5 mbele. Kifaa kilikuwa kinasoma saa ya China tangu siku ya kwanza na hakuna mtu aliyegusa mpangilio. Toa 5 kwenye 8:14 usiku, unapata saa 3:14 usiku. Nikampigia dereva anitumie ujumbe wa malipo ya siku ile. Saa 3:22 usiku, shilingi 7,000, kwa mama lishe. Alikuwa amemwachia mlinzi wa maegesho gari, kama wanavyofanya wote.

Nilimwomba radhi. Si jambo jepesi, na kampuni ya kufuli hawajaniomba mimi.

Fundi wa kontena ndiye aliyetuonyesha walivyoingia. Kile kishikio cha mlango kinachobeba sili kimeshikwa na ribiti, ile misumari ya chuma isiyo na nati. Ribiti zile zinatobolewa, kishikio kinalegea pamoja na sili yake ikiwa nzima, mlango unafunguka, mzigo unashushwa, kisha wanaweka bolti zenye kichwa cha kufanana na ribiti na kupaka rangi. Sili haina kosa, imefunga kitu ambacho hakijafungwa. Na kufuli langu? Waya tuliupitisha kwenye tundu la kishikio, jirani na sili nyingine, kwa sababu ndivyo kijana wa yadi alivyotuelekeza. Ulitakiwa uzungushwe kwenye nondo mbili za katikati, ya mlango wa kushoto na ya kulia, ukazwe. Hapo hata kishikio kikitolewa milango haiachani. Waya unatosha kabisa, nimepima.

Mbinu hii si ngeni duniani. Baada ya Septemba 2001 Wamarekani walipoanzisha C-TPAT, mpango wao wa usalama wa mizigo, ukaguzi wa kontena waliuweka katika sehemu 7: ukuta wa mbele, kushoto, kulia, sakafu, dari, milango ndani na nje, na chini ya uvungu. Kwenye milango wanasisitiza uangalie bawaba na ribiti, siyo sili tu. Na sili yenyewe haitazamwi kwa macho peke yake: unaitazama, unalinganisha namba na hati, unaivuta, unaizungusha kuona kama inafunguka kwa skrubu. Bolti iwe na herufi H, ndiyo daraja la juu kwa ISO 17712, kiwango cha kimataifa cha sili. Yote haya nimeyajua baada ya kuibiwa. Bandarini ulinzi na udhibiti wa wanaoingia ni lazima kimataifa tangu Julai 2004. Zile kilomita 900 na zaidi mpaka Tunduma ni wewe na dereva wako.

Mzigo wa transiti ukipotea ndani ya nchi, forodha inauhesabu umeingia sokoni na kodi inadaiwa, bondi ya wakala wa forodha, yaani dhamana aliyoiweka, ndiyo inayosimama. Wakala akanigeukia mimi. Nilikuwa na tumaini moja, kwamba wizi ulitokea Zambia. Karatasi ya kufuli, saa zikisharekebishwa, ilionyesha Tunduma. Risiti ya mizani ya Mpemba, kabla ya kufika mpakani, ilionyesha uzito kamili, kwa hiyo hata kusema mzigo ulitoka pungufu Dar es Salaam haikuwezekana. Kifaa ninacholipia kwa pesa yangu kikanitolea ushahidi, na nikalipa kodi ya marobota 37 ya vitenge ambayo sikuyavaa wala kuyauza. Bima ilirudisha thamani ya mzigo kwa mteja, tena kwa karatasi hiyohiyo. Kodi ilibaki yangu.

Mtaniuliza kwa nini bado nakodi. Kwa sababu bila ile karatasi dereva wangu angeondoka na jina la mwizi, na mteja angeondoka naye.

Ukitaka kulikodi, siku ya kwanza kaa na kijana wao uone saa ikirekebishwa mbele yako, na ujumbe wa majaribio uingie. Washa kengele ya mtikisiko gari likiwa limesimama. Uliza laini inashika nchi zipi. Kama unarudi na shaba kwenye tela la wazi, jua kwamba kufuli litarudi kabini kama abiria, halina mlango wa kufunga.

Tripu ya tisa iko njiani sasa. Dereva amejiongezea utaratibu wake: kila ribiti na kila nati ya mlango ameipaka rangi ya kucha nyekundu, akisimama anapiga picha ananitumia. Ikiguswa na spana inabanduka, na ile nyekundu hasa, hata fundi wa rangi hawezi kuipata barabarani usiku. Kwenye karatasi ya matumizi ya safari, chini ya posho na mafuta, ameandika: rangi ya kucha, 2,000.