Tathmini ya huduma ya upasuaji wa tezi ya pituitari

Uvimbe wa tezi ya pituitari, tezi yenye ukubwa wa punje ya njegere iliyo chini ya ubongo, ulikuwa umeanza kuninyima uwezo wa kuona pembeni, kwa kuwa ulikandamiza mishipa ya fahamu ya macho. Daktari aliyenihudumia, ambaye pia ni mtafiti wa maradhi ya tezi hiyo na ya uti wa mgongo, alinionyesha picha za MRI moja baada ya nyingine, akaeleza kwa nini angepitia puani kwa kamera nyembamba badala ya kufungua fuvu. Baada ya upasuaji, wauguzi walipima mkojo wangu na chumvi ya damu bila kuchoka, wakanikataza kupenga kamasi; katazo hilo, nakiri, lilinitesa kuliko kidonda chenyewe. Kasoro ni moja: majibu ya homoni yalichelewa, na hakuna aliyenieleza sababu.