Tathmini ya Huduma ya Kumuuguza Mzazi Nyumbani Jijini Dar es Salaam

Kwa miezi minane sasa, mama yetu mwenye umri wa miaka 81, aliyepooza upande wa kulia baada ya kupata kiharusi, amekuwa akihudumiwa nyumbani kwetu Sinza na wahudumu wa kampuni moja ya hapa jijini.

Jambo lililonigusa zaidi ni jinsi wanavyomgeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, wakikagua ngozi ya mgongo, nyonga na visigino, kwa kuwa damu isipopita vizuri mahali palipogandamizwa, kidonda huanza kabla mgonjwa mwenyewe hajalalamika. Hajapata hata kimoja. Humlisha akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, ili asipaliwe, na shinikizo la damu huandikwa kwenye daftari ambalo daktari hulisoma kila tunapokwenda kliniki. Humwamkia kila asubuhi na kumwomba ruhusa kabla ya kumvua nguo. Heshima hiyo, kwangu mimi, ina uzito kuliko vifaa vyote.

Kasoro ipo. Katika mwezi wa tatu tulibadilishiwa wahudumu mara nne bila taarifa, na mama, ambaye maneno humtoka kwa shida, alilazimika kumweleza kila mgeni anavyopenda kuogeshwa. Tulipolalamika tulipewa wawili wa kudumu wanaopokezana zamu. Gharama ni kubwa, hivyo anayeitafuta huduma hii aulize mapema iwapo zamu ya usiku hulipiwa peke yake.