Printa ya rangi kwa steshenari: itoe karatasi juani kabla hujatoa pesa

Mwezi uliopita mama mmoja muuza asali kutoka Sikonge aliweka chupa mbili juu ya kaunta yangu hapa Tabora, akanyamaza. Zote zilikuwa na lebo nilizochapa mimi: faili moja, printa moja, stika za pakiti moja. Lebo ya kwanza ilikuwa na rangi tuliyokubaliana, ile ya asali ya miombo ukiishika kwenye mwanga. Ya pili ilikuwa imeingia ukijani, kama mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika. "Mwanangu," akasema, "wateja wanadhani nimechanganya asali."

Nikaziingiza ndani, chini ya taa ya dukani. Zikafanana kabisa. Nikatoka nazo barazani, zikaachana. Nilikwenda na kurudi mara nne, yule mama ananitazama tu.

Kilichobadilika katikati ya kazi zile mbili kilikuwa wino. Chupa za awali ziliniishia, nikanunua za bei poa kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ni wino uleule, tofauti ni chupa tu. Nilimlipa nusu ya bei ya wino halisi nikajiona mjanja. Lebo 300 nikazirudia kwa gharama yangu.

Nilipoieleza habari hii, wenzangu wa Isevya, Urambo na hata Kigoma wakaniandikia ya kwao. Mmoja alichapa kadi za harusi za rangi ya damu ya mzee. Usiku, mbele ya kamati, zilipendeza. Asubuhi mlangoni kwa bibi harusi zilikuwa za kahawia. Kwa hiyo naandika mwongozo huu. Sitazungumzia kasi wala waifai, hayo yameandikwa kwenye kasha. Nazungumzia kitu ambacho hakijaandikwa popote na ndicho kinachokula mtaji wetu.

Rangi inayogeuka ukitoka nje

Rangi mbili zinaweza kufanana chini ya taa moja na kutofautiana chini ya nyingine. Wataalamu wanaita metamerizimu. Jua lina mwanga wa kila aina. Balbu ya LED ya bei ya chini ina sehemu nyingi zilizopungua, hasa upande wa nyekundu. Wino wa kiwanda kimoja na wa kingine unaweza kutoa kahawia ileile chini ya hiyo balbu huku umetengenezwa kwa dawa tofauti kabisa. Ukiupeleka juani, siri inatoka. Ndiyo maana viwanda vya uchapaji vina kiwango cha kimataifa, ISO 3664, kinachosema rangi ikaguliwe chini ya mwanga mweupe wa kelvini 5000, unaofanana na wa mchana. Sisi tunakagua chini ya balbu yoyote iliyopatikana dukani.

Karatasi nayo imo. Stika na karatasi nyingi za glosi zimetiwa dawa ya kung'arisha, kama ile iliyomo kwenye sabuni ya unga. Dawa hiyo inaamshwa na mionzi ya jua, inatoa ubluu kidogo. Balbu ya LED haiiamshi. Karatasi ikiwa nyeupe kupita kiasi, rangi ya asali iliyochapwa juu yake inapoa ikitoka nje, hata wino ukiwa halisi. Mimi sasa nachukua stika yenye weupe wa maziwa.

Jaribio langu ni kijivu. Wauzaji wanapenda kukuchapia picha ya kasuku au maua. Nani anajua kasuku yule alikuwa wa kijani gani? Kijivu hakina pa kujificha, kwa sababu printa inakitengeneza kwa kuchanganya rangi zake, na moja ikizidi hata kidogo jicho linaona. Nenda na flashi yenye visanduku vya kijivu kuanzia cheupe hadi cheusi, pamoja na uso wa mtu mweusi uliopigwa picha vizuri. Chapa kwenye karatasi utakayoitumia wewe. Iache ilale, kwani wino huu unaendelea kutulia mpaka kesho yake. Kisha iangalie ndani, kivulini na juani saa sita. Kijivu kikigeuka kijani au waridi, wino huo mwachie mwenyewe. Printa yenyewe mara nyingi haina kosa.

Ninayoiweka juu: Epson L8050

Mimi ni mtu wa Epson na sifichi. L8050 ina matangi sita: nyeusi, njano, sayani (bluu ya kijani), majenta (waridi kali), halafu sayani hafifu na majenta hafifu. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazofanya ngozi ya mtu iwe laini bila vidoti, na ndizo zinazofanya kijivu chepesi kitulie. Kwa wino wake halisi namba 108, visanduku vyangu vilitoka nje na kurudi bila kubadilika kiasi cha jicho la mteja kuona. Inachapa pia kadi za plastiki za vitambulisho, na huku kwetu shule zinaagiza sana. Haina skana, kwa hiyo mteja wa kopi utamhudumia kwa mashine nyingine. Mwisho wake ni A4. Anayetaka mabango ya A3 aangalie ndugu yake L18050, wino ni huohuo.

Sababu nyingine ya kushikilia wino halisi ni profaili ya ICC, faili dogo linaloiambia kompyuta jinsi printa fulani inavyotoa rangi kwenye karatasi fulani. Mfumo huu unasimamiwa na shirika lililoanzishwa mwaka 1993, na watengenezaji wanapima profaili hizo kwa wino wao na karatasi zao. Ukimimina wino mwingine, profaili inaendelea kusema habari za wino ambao haumo tena. Na tafadhali, rangi isimamiwe mahali pamoja, ama ndani ya Photoshop ama kwenye programu ya printa. Ukiacha zote mbili zinasahihisha, nyuso zinakuwa nyekundu kama zimepigwa na moto. Nimeona mafundi wakibadilisha hedi, kile kichwa kinachonyunyiza wino, kwa tatizo hilo, na mteja akalipa.

Ya pili: Epson L3250

Hii ndiyo ya steshenari nyingi, na inastahili. Inaskani, inatoa kopi, inatumia wino namba 103 unaopatikana hata wilayani. Rangi zake ni nne na zote ni za kuyeyuka kwenye maji, hata nyeusi. Faida yake ni kwamba kwenye karatasi ya glosi nyeusi halisi inashiriki kutengeneza kijivu. Hasara, barua ikidondokewa na maji maandishi yanatembea. Lebo ya chupa ichapie humo lakini uifunike kwa plastiki ya laminesheni, na usiiache dirishani kwenye jua miezi. Kwenye jaribio langu kijivu chepesi kilikuwa na vidoti, ila hakikugeuka.

Ya tatu: Canon za tangi, jamii ya G3410

Najua wapenzi wa Canon wataninunia. Kwa maandishi zinaishinda L3250, kwa sababu nyeusi yake ni ya pigmenti, yaani chembechembe zinazokaa juu ya karatasi na kustahimili maji. Lakini nyeusi hiyo haishiki kwenye karatasi ya picha ya glosi. Huko printa inaiweka kando na kutengeneza weusi kwa kuchanganya sayani, majenta na njano peke yake. Kijivu chote kinabebwa na rangi tatu, na mojawapo ikiyumba suti ya bwana harusi inakuwa ya kijani. Kama kazi yako ni mitihani na barua za maombi, nunua bila hofu. Kwa picha na lebo, hapana. HP Smart Tank naziweka hapohapo kwa sababu ileile.

Leza za rangi zilizotumika Ulaya

Kwa kazi ya maelfu zinalipa. Rangi yake inahama kadiri mashine inavyopata joto na dramu (silinda inayobeba picha) inavyochakaa, hivyo ifanyie kalibresheni, yaani isawazishe rangi, kila asubuhi, na tena katikati ya kazi ndefu. Usinunue bila kuchapa kurasa 50 za kijivu mfululizo na kulinganisha ya kwanza na ya mwisho.

Printa ndogo za katriji, za bei ya kutupa, zinafaa kazi za nyumbani.

Sasa wauzaji. Ndugu zangu, tunaonewa. Printa utaipata mjini leoleo, lakini ukiulizia wino 108 unaambiwa uagize Dar. Ukihoji bei, jibu ni "usafiri", hata kwa chupa inayoingia mfukoni. Kila kitu dukani ni "orijino". Neno hilo limekufa, maana hata chupa niliyouziwa mimi iliitwa hivyo. Mbaya kuliko yote ni chupa halisi zilizojazwa upya na kurudishwa kwenye makasha yake. Huyo muuzaji anajua anachofanya, na anajua kwamba atakayefokewa na mteja ni mimi. Nilipomrudia wa kwangu aliniuliza risiti. Sikuwa nayo, kwa sababu aliniambia akitoa ya EFD bei itapanda. Siku hizi sinunui wino bila risiti yenye namba yake, na kasha nalifungua palepale kaunta mbele yake. Akikataa, nabeba pesa yangu.

Nimeanza pia kuhifadhi lebo ya kwanza ya kila kazi. Naiandika nyuma tarehe, karatasi na chupa za wino, naitia kwenye bahasha ya kaki isione mwanga. Oda ikirudi, naitoa na kuilinganisha na mpya barazani kabla sijachapa ya pili.

Yule mama wa Sikonge alikuja Ijumaa kuchukua zake. Alipita moja kwa moja hadi nje nazo, akazipanga ukutani juani pamoja na ile chupa ya kwanza, akasimama mbali akaziangalia. Ndipo akafungua kitambaa chake na kuhesabu pesa za oda nyingine.